Nyuzi Nane

Baba alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri.
Saa moja na nusu baba mdogo Singano
akatoka chumbani na kamba ya katani,
fundo huku, fundo huku:
kipimo cha kaburi.
Futi tano na inchi saba.
Maisha yangu yote nilidhani ni mrefu zaidi.

"Zuhena yuko wapi?"
"Mpanda."
"Mpanda ni mbali kiasi gani?"

Nje, Makorora yote imeamka, turubai linafungwa,
masufuria ya kuazima yanagongana uani,
na mimi, mwalimu wa jiografia,
naulizwa swali ninalowauliza kidato cha pili kila mwaka,
nikiwakata alama wakisahau kuandika "kilomita".

Kamba ilipokwisha kazi yake makaburini
ikarudi na udongo kwenye fundo moja.
Nikafungua atlasi juu ya cherehani ya mama.
Fundo safi nikaliweka Tanga, uwanjani.
Lenye udongo likaangukia Mpanda,
likaacha doa ambalo bado lipo.

Tanga: nyuzi thelathini na tisa mashariki.
Mpanda: thelathini na moja.
Tofauti, nyuzi nane.
Nyuzi. Neno la ramani, neno la fundi nguo,
neno la baba pia, aliyezianika na kuzifunga robota
miaka ishirini na sita kwenye korona ya mkonge,
hadi kikohozi chake kikawa na vumbi jeupe.

Sentimita kumi na nane kasoro kidogo,
kila moja kilomita hamsini:
mia nane tisini na sita.
Ndege ndogo, ya abiria kumi na wawili,
inakula mia tatu kwa saa. Gawanya.
Saa tatu kasoro dakika moja.
Ongeza kumi za kupaa na kutua.
Upepo wa baharini utampinga usoni akija huku,
ongeza ishirini.
Akiruka saa tatu, saa sita na nusu anatua,
saa saba yuko mlangoni anavua viatu,
na alasiri bado.

Nikawasomea jibu.
Baba mdogo akashusha pumzi, akawaambia wazee,
"Basi tutamsubiri. Mwalimu kapiga hesabu."

Ndipo nikampigia Mhina, wa pale uwanjani.
Akanyamaza kwanza.
"Mwalimu, pole sana.
Ya Pemba ipo. Ya Unguja ipo.
Ya kutoka Mpanda kuja Tanga?
Hiyo njia unayo wewe peke yako."

Ya Mpanda kwenda Dar ni Alhamisi.
Leo Jumatatu.
Na basi, anayejua basi la huko
hahesabu kwa saa, anahesabu kwa miji ya kulala.

Hesabu ilikuwa sahihi.
Niliirudia mara mbili, kwa kalamu nyekundu.
Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa zote kumi.
Nilichosahau kuandika ni ndege.

Tulimzika baada ya swala ya alasiri.
Kipimo kilitosha, hakikubaki wala hakikupungua.
Nilikuwa bado na udongo kwenye kucha
simu ilipotetemeka mfukoni.

"Mmeshaswali?"
"Tumeshaswali. Tumeshamaliza."
Nikasikia kuku kwake, na mtu anachota maji.
"Huku bado," Zuhena akasema. "Huku hata hawajaadhini."

Nyuzi nane. Kila uzi dakika nne za jua.
Nane mara nne.
Sikumwambia jawabu.
Nilikaa kwenye ngazi, simu sikioni,
wala yeye hakukata,
tukangoja adhana ya kwake.